Bastola ya mtumba, vipini vya mpingo

Kutoka: Mwana wa Nachingwea, Minnesota

Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Nimenunua bastola ya mtumba dukani, 1911 (modeli ya zamani ya Kimarekani) ya chuma, karatasi zote zimenyooka. Bei ilikuwa ya chini kwa sababu imechakaa: weusi umechujuka, slaidi (kile kipande cha juu kinachoteleza) ina madoa ya kutu, vipini vya plastiki vimepasuka. Siiuzi, nataka tu kazi ya mikono ya kunipitisha baridi hii. Nasikia kuna mwenzetu alichongewa vipini vya mpingo nyumbani. Nielekezeni. Msinicheke, mke wangu ameshanicheka vya kutosha.

Kutoka: Wa Mikindani, Houston (wiki hii niko Mtwara)

Marahaba, mdogo wangu. Ni mimi, na umenikuta pazuri: nimekaa barazani kwa mjomba, yeye na tezo lake, mimi na simu.

Karatasi zako za kuishi huko sikuulizi. Ila wengine wanaosoma wasikie: Marekani mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kumiliki silaha, lakini mwenye viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa mianya michache kama leseni ya kuwinda. Ukikosea hapo utarudishwa Kusini hata msimu wa korosho haujafika.

Chuma kwanza. Toa magazini (kile kisanduku cha risasi), vuta slaidi, tazama chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho yako, kisha tazama tena. Risasi zikae chumba kingine. Weusi wa bastola ya zamani kwa kawaida si rangi ya kupaka, ni kutu nyeusi iliyofugwa, ndiyo maana siki nyeupe huiondoa. Osha, kausha upesi, halafu piga msasa uliozungushwa kwenye kibao, kuelekea upande mmoja tu. Mashine usiguse, italainisha kona na kula maandishi. Namba ya bastola ndiyo usiikaribie kabisa: kuifuta ni kosa la jinai la serikali kuu, na hata kukutwa na bastola iliyofutwa namba ni kosa.

Futa mafuta yote kwa asetoni, kisha pakaa dawa ya baridi ya kutia weusi. Nyingi zina seleniamu, ni sumu, kwa hiyo glavu na dirisha wazi. Najua Januari kwenu dirisha halifunguliki. Basi subiri Mei. Haishiki kwenye chuma kisichoshika kutu wala kwenye alumini. Na nikwambie ukweli, haidumu: ukiivaa kiunoni, ala inaisugua mpaka weupe unatokea. Kwa ya kukaa kabatini inatosha. Mitambo ya ndani mwachie fundi mwenye leseni.

Sasa mpingo, na hapa ndipo nilipochemsha. Mwaka juzi nilimtumia mjomba picha ya kipini kimoja kwa WhatsApp. Akachonga viwili, vizuri ajabu, vyote vya kushoto. Hajawahi kushika bastola, na ashike ya nini? Aliona kimoja, akafananisha. Kumbe vipini vya bastola vinatazamana kama viganja. Vile viwili sasa anavitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Safari hii nimekuja na vielelezo vya plaiwudi, kimoja kimeandikwa KULIA, kingine KUSHOTO, uso wa nje una alama ya X, unene kwa milimita. Kitu chochote cha bastola yenyewe sikubeba, hata skrubu.

Mpingo ukiutupa majini unazama, hivyo mkononi utausikia. Mwambie fundi akupe kiini cheusi, asichanganye na ule weupe wa nje. Na usimharakishe. Gogo bichi hukauka polepole. Mjomba hupaka nta miishoni na kuliacha kivulini, kwa sababu kipini kilichochongwa jana kitapasuka kikikutana na hita za huko kwenu. Nilimbana amalize Ijumaa, akaniuliza kama nimekuja kuchukua vipini au kuni. Vanishi haihitajiki, mpingo una mafuta yake: msasa laini, kitambaa, basi.

Jambo la mwisho, la forodha. Tangu 2017 biashara ya mpingo kati ya nchi iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Tangu 2019 bidhaa iliyokamilika, isiyozidi kilo 10 kwa mzigo, imeachiwa; gogo au kibanzi kibichi hakikuachiwa. Kwa hiyo vimaliziwe hukuhuku, na uwe na risiti. Kama unajali mti ulitoka wapi, uliza wa misitu ya vijiji vya Kilwa, waliopata cheti cha FSC, cha misitu inayovunwa kwa uangalifu, mwaka 2009.

Kutoka: Dada wa Newala, Leicester

Nyie wanaume wa Marekani! Huku bastola za kawaida kwa raia zilipigwa marufuku mwaka 1997, baada ya mauaji ya shuleni Dunblane mwaka mmoja kabla. Ila hiyo siki mume wangu anafufulia patasi na randa za mtumba, na zinarudi kama mpya. Kaka, mjomba anaweza kunichongea mpini wa kisu cha jikoni? Kisu kimoja, mpini mmoja, hakuna kushoto na kulia.

Kutoka: Mwana wa Nachingwea

Ahsante sana kaka. Nimechora umbo la vipini leo, binamu anasafiri wiki ijayo atamletea mjomba. Tundu za skrubu atoboe mjomba?

Kutoka: Wa Mikindani

Asitoboe. Ukivipata vipini, vipange kwenye bastola yako mwenyewe na utoboe huko, polepole, mpingo ukipata joto unapasuka. Dada, kisu anasema lete. Na wewe mdogo wangu, mjomba amechungulia simu, anauliza: ulichora kwa penseli iliyochongwa au kwa ile kalamu nene ya kuandikia maboksi? Na je, akate ndani ya mstari au nje?