Puli ya supachaja kwa Mini Cooper S (R53) hapa Mwanza: 15%, 17% au 19%?

Mdau_Nyegezi
Habari wakuu. Naombeni ushauri kwa mnaozijua gari zenye supachaja (pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini). Gari ni Mini Cooper S ya 2005, R53, injini 1.6, gia za mkono, kila kitu bado cha kiwandani. Kila siku inatembea Nyegezi kwenda mjini na kurudi, na mara mbili kwa mwaka inashuka Dar. Nataka iwe nyepesi kwenye vilima, ila injini idumu. Puli ipi? Na je, nibadilishe na puli ya krenki (shafti kuu ya injini)? Nozo za petroli za kiwandani zitatosha?

Mawe_Matatu
Chukua 15% mkuu, uishie hapo.

Elewa kwanza hiyo asilimia. Ni kipenyo cha puli kinachopungua, siyo mwendo unaoongezeka. Kipenyo kikipungua 15%, supachaja inaongeza mwendo kwa 17.6%. Ya 17% inaongeza 20.5%, ya 19% inaongeza 23.5%. Hesabu yenyewe: mzunguko wa injini, zidisha kwa kipenyo cha puli ya krenki, gawanya kwa kipenyo cha puli ya supachaja. Tuseme krenki ni mm 130 na ya juu, ya supachaja, ni mm 65: injini ikiwa mizunguko 6,500 kwa dakika, supachaja iko 13,000. Weka mm 55 juu, inafika karibu 15,400. Pima zako kwa venia usikisie.

Supachaja ya gari hii, Eaton M45, ni ya aina ya Roots. Haibani hewa ndani yake, inaisukuma tu, na mgandamizo unatokea mbele yake. Ndiyo maana ukiizungusha kupita kiasi unavuna joto kuliko hewa. 19% kwa intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini) ya kiwandani, jua la saa nane, foleni ya Buzuruga? Nguvu uliyonunua utaiona asubuhi tu.

Jambo la pili watu wa huku hulisahau. Tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, na hewa hapa ina kilopaskali kama 88 tu. Dar ni 101. Supachaja inazidisha ile hewa inayoikuta. Tuseme inazidisha kwa 1.8: Dar unapata kilopaskali 182 kwenye njia ya hewa ya injini, Mwanza 158. Ukiweka 15% ikazidisha kwa 2.05 hivi, Mwanza unapata 180. Yaani puli hiyo inakurudishia karibu kile ambacho mwinuko umekunyang'anya.

Mdau_Nyegezi
Na nikishuka nayo Dar?

Mawe_Matatu
Hapo ndipo pa kuwa makini. Kwa hesabu ileile Dar utakuwa 207, na joto la pwani juu yake. Mapu (programu ya kompyuta ya injini) iliyopimwa Mwanza peke yake, ikasogezwa taimingi ya plagi mpaka mwisho kwa sababu hapa injini haikugonga (petroli kulipuka kabla ya wakati), itagonga baada ya Chalinze. Mwambie anayekutyunia aache nafasi, na asikupakie mapu ya petroli ya Ulaya ya oktani 98. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukiwa umekanyaga mafuta yote usiwe mkavu (petroli kidogo) kuliko 12.3 kwa 1, lenga 11.8 hadi 12.2, upimwe kwa sensa ya wideband kwenye egzosi. Sensa ya kawaida ya oksijeni haiwezi kusoma huko.

Spana_Nyakato
Niongeze upande wa kufunga, maana wengi wanaharibia hapa.

Puli ya juu imeingizwa kwa nguvu kwenye shafti. USIIGONGE nyundo, wala usiichokonoe kwa bisibisi. Shafti ikirudi nyuma hata kidogo, beringi za pua zimekwisha, na utaanza kusikia mlio kama mchanga. Tumia pula (kifaa cha kuchomolea) iliyotengenezwa kwa puli hiyo. Inua mbele kulia, toa tairi na plastiki ya ndani, bana tenshena (kikaza mkanda) ufunge pini, toa mkanda. Mkanda mpya uwe wa mistari sita na mfupi kwa sm 1 hadi 1.5. Ukirudisha wa zamani tenshena inafika mwisho wake, mkanda unateleza, na mtu anadhani puli haina faida.

Plagi weka za baridi hatua moja: NGK BKR7EQUP badala ya BKR6EQUP.

Nozo za kiwandani acha kwanza. Zibadilishe kama wideband inaonyesha mchanganyiko unakauka juu ya 6,000. Kuweka nozo kubwa bila mapu yake ni kumwaga petroli tu.

Mdau_Nyegezi
Ahsanteni sana. Puli ya krenki je?

Spana_Nyakato
Kubwa usiweke. Mkanda ni mmoja, kwa hiyo altaneta na kompresa ya AC nazo zitakimbia zaidi. Ila ikague hiyo uliyo nayo kabla ya kununua chochote. Ina rabari katikati inayomeza mtetemo, na rabari hiyo kwa umri huu huachia: chuma cha nje kinacheza, mkanda unakwenda upande, mwisho puli inasambaratika. Ukiona nyufa au chuma hakijakaa sawa, badilisha kwanza.

Ziwa_Kuu
Wakuu mmeruka kitu kikubwa kuliko vyote. Kwenye R53 wotapampu inaendeshwa na gia iliyo nyuma ya supachaja. Huko kuna oili yake, kando na ya mbele, na gari ya miaka 20 mara nyingi imebaki tope jeusi linalonuka. Ikikauka, meno ya gia yanaliwa, pampu inasimama, unachemsha injini ukiwa katikati ya Shinyanga na Nzega. Na puli ndogo inaizungusha gia hiyohiyo haraka zaidi.

Kwa hiyo shusha supachaja yote. Badilisha oili za vyumba vyote viwili kwa oili maalumu ya supachaja (ya GM inauzwa kwenye chupa za mililita 118, nunua mbili), weka wotapampu mpya na gasketi mpya. Oili ya injini au ya gia usiweke humo. Kwenye rejeta weka kulanti halisi, siyo maji ya bomba. Puli ifungwe hapohapo supachaja ikiwa mezani, ni rahisi zaidi kuliko kuhangaika nayo ndani ya gari.

Mdau_Nyegezi
Basi nashusha supachaja kwanza. Oili, wotapampu, puli ya krenki ikaguliwe, halafu 15% na mkanda wake. Mapu nitaipima hapa na niirudie Dar kabla sijaikanyaga huko.

Mawe_Matatu
Sawa kabisa. Na kagua sponji inayoziba kati ya boneti na intakula. Ikiwa imechakaa hewa inapita pembeni badala ya kupita ndani ya intakula, na hakuna puli itakayofidia hilo.