Tupeane uzoefu: kupunguza dawa za akili mukiwa na munganga wa hospitali, kwenu iliendaje?

Mama wa Ndosho
Leo nimepita Birere, hapa Goma, nikaona kijana ametandaza kompirime, vidonge vya dawa, kwenye sahani, pembeni ya nyanya, na katikati yake zile za Haldol ambazo mudogo wangu anameza tangu aanze kuugua. Moyo ukapiga. Sasa ametulia, anauza vocha, analala vizuri, na munganga wake amesema tunaweza kuanza kushusha polepole, huku anamuona. Nyumbani wamegawanyika. Mama mukubwa anasema kama amepona tutupe zote, kaka anasema tusiguse hata moja. Nyinyi muliopitia, ilikuwaje? Sitaki matangazo ya vyumba vya maombi wala ya mizizi.

Sambaza Mbichi
Nafuata hapa.

Mjane wa Himbi
Mimi si Haldol, mimi ilikuwa paroksetini, dawa ya huzuni nzito, ya miligramu 20, tangu nilipofiwa na bwana. Nilipoweza tena kwenda sokoni na kubishana bei bila kulia, daktari akasema tuanze. Hatua ya kwanza haikunisumbua. Ya pili ndiyo ilinionyesha. Nikigeuza macho upande, umeme unapita kichwani, tss, kama mtu aliyegusa waya wazi. Usiku jasho mpaka shuka ya kukamua. Nikamtukana motari wa pikipiki asiye na kosa, na mimi ni mtu wa kwaya. Wakwe wakasema ugonjwa umerudi. Daktari akasema hapana, hatua ilikuwa kubwa mno. Akanirudisha kwenye kipimo cha nyuma, tukakaa hapo mpaka mwili ukakubali, kisha tukaenda kwa vipande vidogo.

Na hivyo vipande! Unageuza sahani chini juu, unaweka kompirime, unabonyeza wembe mupya, nusu moja inaruka chini ya kabati, ile inayobaki ina upande mnene na upande mwembamba. Nilichoka. Mtoto wangu wa shule ndiye aliyekuwa na mkono mtulivu, akawa mkataji rasmi wa nyumba. Akipata alama mbaya shuleni, anatishia mgomo.

Kijana wa Katindo
Ule umeme wa kichwa!! Nilidhani niko peke yangu.

Koti Jeupe
Nafanya kazi wodini, si daktari, lakini haya nayaona kila siku. Mjane amesema jambo ambalo wengi hawaambiwi: vipande vya mwisho ndivyo vigumu. Kutoka 20 kwenda 10 mtu anaweza asisikie kitu, kutoka 5 kwenda sifuri akaanguka. Sababu ni kwamba kipimo kidogo tu tayari kinashika sehemu kubwa ya kazi kwenye ubongo, kwa hiyo hatua inayoonekana ndogo kwa macho ni kubwa kwa kichwa. Horowitz na Taylor wa London waliliandika hilo vizuri mwaka 2019 kwenye jarida la Lancet Psychiatry: punguza kwa hatua zinazozidi kuwa ndogo kadiri unavyoshuka.

Na jinsi ya kutofautisha: shida za kupunguza huja mara nyingi ndani ya siku chache, zikiwa na vitu ambavyo hukuwa navyo zamani (umeme, kizunguzungu, kichefuchefu), na ukirudishiwa kipimo zinapoa haraka. Ugonjwa ukirudi huwa unajongea taratibu, na sura yake ya zamani. Si sheria ya chuma. Fluoksetini, ndugu ya paroksetini, mfano, inakaa mwilini muda mrefu, mtu anaweza kusumbuka wiki kadhaa baada ya kuacha akasema haihusiani. Ndiyo maana munganga anataka kukuona hata unapojisikia muzima.

Tena: zile kompirime zilizotengenezwa zitoe dawa polepole mwilini, usizisage wala kuzitafuna. Uliza kwanza kabla ya kushika wembe.

Shahidi wa Neema
Mama wa Ndosho amekataza lakini nitasema. Mimi niliombewa, nikachukua mfuko wote nikautupa ziwani, na sijarudi nyuma. Utukufu kwa Bwana.

Kijana wa Katindo
Ziwa Kivu lina gesi ya kutosha tayari, wewe umeliongezea Largactil, dawa ya akili.

Shahidi wa Neema
Cheka tu. Imani yako ndogo.

Mjane wa Himbi
Shahidi, na mimi naomba. Naomba halafu nameza. Kwani Mungu amekataa vyote viwili?

Shahidi wa Neema
Sijasema hivyo.

Mjane wa Himbi
Umetupa ziwani, umesema nini basi?

Yaya wa Mabanga
Kusoma hapa kumenirudisha Sake, mji ulio karibu na Goma, mwezi wa tano 2021. Volkano ya Nyiragongo ililipuka Jumamosi tarehe 22, usiku tukakimbia, tukarudi, halafu yale matetemeko yasiyoisha, ukuta unapasuka unauona. Alhamisi tarehe 27 alfajiri tukaambiwa tutoke mjini. Mudogo wangu wa kike alikuwa kwa diazepam kwa miaka. Mtu wa famasi moja alimwanzishia kwa ajili ya usingizi, akawa anamuuzia tu, hakuna aliyemwambia kwamba ni dawa ya muda mfupi. Daktari wa kweli ndiyo kwanza alikuwa ameanza kumpunguzia. Sasa mtu anatoka na godoro, watoto, sufuria ya maharage bado ya moto. Nani atakumbuka droo?

Barabara munaijua, ile siku ilikuwa watu tupu. Tukalala ndani ya darasa. Alianza kutetemeka mikono, tukasema ni woga, maana sote tulikuwa tunatetemeka, na chini penyewe panatetemeka. Usingizi ukakata kabisa. Akaanza kuongea na watu wa ukutani. Halafu mchana mmoja anamenya kiazi, kisu kikaanguka, macho yakageuka, akaenda chini, mwili unarushwa, povu mdomoni. Darasa zima likatoka mbio. Muzee mmoja analia pepo la volkano, mwingine amekuja na kijiko anataka kumtia mdomoni. Kulikuwa na mama alikuwa analala pembeni yetu tangu tufike, hatukujua kazi yake. Alimsukuma yule wa kijiko akaenda kukaa, akamlaza mudogo kwa ubavu, akakunja khanga chini ya kichwa, akaniangalia: "Anameza dawa gani, na ya mwisho ameimeza lini?" Mimi dada yake sikuweza kujibu la pili.

Kituo cha afya walimchoma sindano ya diazepam hiyo hiyo, akatulia. Tuliporudi Goma daktari hakumwachisha. Alimrudisha kwanza kwenye kipimo chake, akamwacha apumue, ndipo wakaanza upya, kidogo kidogo, zaidi ya mwaka mzima. Leo hamezi tena. Lakini jina la kila dawa na miligramu zake ziko nyuma ya kadi yake ya uchaguzi, kwenye plastiki.

Sambaza Mbichi
Nimesoma nimesimama.

Motari Mstaafu
Mulilala shule gani pale Sake? Mimi nilikuwa upande wa kanisa. Maji yalikuwa ya kupigania.

Binti wa Kasika
Sisi tulivuka Gisenyi, Rwanda. Wengine wakapanda boti za Bukavu, zimejaa mpaka unaogopa kukohoa.

Kijana wa Katindo
Motari, si ni nyinyi mulitoza watu bei mara tano kwenda Sake?

Motari Mstaafu
Na petroli ilikuwa bei gani? Ulitaka nikubebe kwa mapenzi?

Kijana wa Katindo
Bibi yangu alitembea kwa miguu.

Motari Mstaafu
Nionyeshe hapo mimi niliyemkataa bibi yako.

Mama wa Ndosho
Wajameni! Volkano mufungulie uzi wake. Yaya, pole sana, na aksanti. Nimeshaandika dawa za mudogo kwenye karatasi mbili.

Nusu Kompirime
Mimi nitapingana na wote. Nilikuwa kwa haloperidoli, ndiyo hiyo Haldol, shingo inakaza, mate yanatoka, mchumba akakimbia. Nikamwambia daktari nataka kuacha. Hakunikemea, akashusha, mama akawekwa mlinzi wa usingizi wangu. Tulipofika chini sana usingizi ukaondoka, nikaanza kupanga kununua lori, na sina hata baiskeli. Mama alijua kwa lile lori. Tukapanda kidogo, mate yamekwisha, lori limekwisha, nimebaki hapo. Si lazima kufika sifuri. Mchumba mupya anajua kila kitu.

Koti Jeupe
Sawa kabisa. Uingereza walifuatilia watu wanaomeza dawa za aina hii miaka miwili, wakatoa matokeo 2023: kati ya waliopunguziwa dawa taratibu, 25 kwa 100 walirudiwa na ugonjwa vikali, dhidi ya 13 kwa walioendelea na dawa zao. Maana yake wengi hawakuanguka, lakini hatari ni karibu mara mbili, na hapo walikuwa na uangalizi.

Binti wa Kasika
Takwimu za Wazungu. Wao walikuwa wanakimbia vita huku wakipunguza?

Koti Jeupe
Hapana, na hiyo ni sababu ya kwenda polepole zaidi, si haraka zaidi.

Mama Mapacha
Kwa wanawake wenzangu: mimi nilikuwa kwa Depakine, yaani valproati. Nilipotaka kuzaa nilikwenda KABLA ya mimba. Hiyo dawa inaharibu mtoto, karibu mmoja kwa kumi anazaliwa na kasoro. Daktari alinibadilishia nyingine, akanichunga, ndipo akaniruhusu. Usisikie hivyo ukaiacha leo usiku peke yako, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Mama mkwe alisema nachelewesha makusudi. Sasa ana wawili kwa mpigo, na anaomba mapumziko.

Kijana wa Katindo
Ushauri wangu: usianze kupunguza mwezi wa harusi, mwezi wa mitihani, wala wakati unasikia mabomu. Yaani Goma usianze kamwe.

Sambaza Mbichi
Na bia ya Primus haihesabiwi kuwa kompirime. Jirani alifanya hivyo.

Mjane wa Himbi
Mimi kahawa ndiyo niliacha, ikasaidia usingizi.

Nusu Kompirime
Mimi bila kahawa nisingefika popote.

Mama wa Ndosho
Swali la mwisho kwa Koti Jeupe. Mudogo ana Haldol na Artane. Mama mukubwa anasema tuanze kutoa Artane kwa kuwa vijana wanalewea.

Koti Jeupe
Usitoe kwa shauri la mama mukubwa. Artane iko pale kumzuia asikazwe na Haldol. Ukiiondoa Haldol ikiwa bado juu, shingo inaweza kupinda. Ipi ianze na lini, munganga aamue akiwa anamtazama anavyotembea. Kama ni mbali na daktari wake, hapa kuna kituo cha Tulizo Letu, Bukavu kuna hospitali ya SOSAME, wanazoea mambo haya.

Yaya wa Mabanga
Mama wa Ndosho, tumeongea sana juu ya mudogo. Yeye mwenyewe anasemaje?

Mama wa Ndosho
Nimemuuliza sasa hivi. Amesema tumpunguzie kwanza maswali.