Kanda za maulidi Lamu: kinasa cha oda ya 5 au oda ya 2? Tujadili

Jamani watu wa Amu, hili nataka tulijadili wazi kabla hatujaharibu kanda ambazo hazipatikani tena. Vijana wetu wanatengeneza kinasa cha biti moja cha kuhamishia kaseti za maulidi kwenye kompyuta, sampuli 2,822,400 kwa sekunde, yaani 44,100 mara 64, na wameshikilia modulata ya delta-sigma (saketi inayogeuza sauti kuwa mfululizo wa biti) yenye filta ya oda ya 5, yaani yenye intigreta (vijumlishi) tano zinazofuatana, kwa vile kwenye karatasi ndio yenye noizi kidogo. Mie napinga.

Juzi tumeketi uani na kanda ya Mfungo Sita, kasida inakwenda safi kabisa, mara matwari yakapiga kwa pamoja, biti zikaanza kutoka mafungu marefu ya moja tupu halafu sifuri tupu, sauti ikawa mngurumo, na matwari yalipotulia haikurudi! Ikabidi tuzime tuwashe upya. Kwenye kompyuta majaribio yalipita, lakini walijaribu na toni moja ndogo tu, na maulidi si toni moja.

Filta haiui noizi, inaihamisha, ni kama kusukuma mchanga barazani, lazima urundikane pengine. Ukiibana sana pale tunaposikia inavimba kule juu kwenye masafa yasiyosikika, na kwantaiza (sehemu inayoamua kila sampuli itoke moja au sifuri) ya biti moja ina majibu mawili tu, basi inafurika, hesabu za intigreta zinakimbia. Oda ya 1 na ya 2 zinavumilia. Kuanzia 3 utulivu una masharti, ya filta na ya ukubwa wa sauti inayoingia. Hawa vijana uvimbe wa juu wameuachia mpaka mara 2, na makadirio ya Lee, kanuni ya mafundi wa modulata hizi, yanasema usipite kama mara 1.5.

Wa Mkomani: Kaka usiilaumu oda, laumu hiyo 2. Warudi 1.5, sauti iingie nusu, waweke kinga intigreta zikikimbia zirudishwe sifuri. Ukiongeza kasi ya sampuli mara mbili oda ya 2 inapata desibeli 15 za usafi, ya 5 inapata 33, tuziache kweli? Kanda zinaoza kwa hii hewa ya chumvi, nyingine tutazicheza mara moja tu zikatike.

Mwenye mada: Dada hiyo mara moja ndio inayonikosesha usingizi. Hiyo 1.5 ni uzoefu wa mafundi, si uthibitisho, filta inaweza kuitii na bado ikaanguka. Na kinga ikirudisha sifuri katikati ya kasida ushakata kasida. Halafu kaseti ya kawaida bila Dolby (mfumo wa kupunguza mvumo wa kanda) ina mvumo wake, sauti inauzidi kwa desibeli 50 na kitu tu, na oda ya 2 kwa mara 64 inafika kama 85 kwa hesabu, sasa hizo desibeli za juu yake unamhifadhia nani?

Wa Langoni: Nyinyi wanangu mnagombania filta na mie nauliza kwani lazima biti moja? Mwaka 2001 Lipshitz na Vanderkooy wa Waterloo kule Kanada walionyesha kwamba biti moja haiwezi kupewa ditha kamili (noizi ndogo ya kubahatisha inayotiwa makusudi kulainisha makosa), ukiitia ya kutosha kwantaiza inafurika. Chipu nyingi za leo mle ndani zina biti kadhaa, hazifuriki upesi, na zinakutolea PCM (sauti ya kidijitali ya kawaida, kila sampuli ni namba kamili) ya biti 24. Ngazi zake za majibu hazilingani sawasawa, ni kweli, lakini zinatumiwa kwa kupokezana ili kosa nalo lisukumwe juu. Nunueni hiyo, kanda zisalimike.

Mwenye mada: Maalim kwa kanda za maulidi nimekubali, chipu ya biti nyingi, hapo sibishi tena. Lakini vijana wasiache kinasa chao, waanze na oda ya 2 waielewe vizuri ndio wapande. Na dada wa Mkomani, njoo na hiyo oda yako ya 5, mie nina kanda ya ngoma ya arusi yenye nakala tatu, tutaicheza yote na matwari yake kwa sauti kubwa. Ikitulia mpaka mwisho narudi hapahapa kusema nilikosea.