Programu ya kupanga matukio ya hadithi: ninunue, nitumie Excel au niandike yangu?

msuka_visa
Habari zenu wakuu. Naandika riwaya ya vizazi vitatu, na matukio yameanza kunizidi. Nataka nione kila mhusika na mstari wake wa maisha, nijue ana umri gani kwenye kila tukio, na nikisogeza tukio moja basi yale yanayolitegemea yasogee nalo. Kuandika kodi najua, JavaScript zaidi na Python kiasi. Nimebaki na njia nne: lahajedwali, programu za kununua kama Aeon Timeline na Plottr, kujenga ndani ya kivinjari kwa maktaba ya vis-timeline (kodi iliyo tayari ya kuchora mistari ya wakati), au kuandika kila kitu mwenyewe kwa Python na SQLite (hifadhidata inayokaa kwenye faili moja). Nyie mngeshika ipi, na kwa nini?

karani_wa_sura
Lahajedwali haina mpinzani kwa hadithi fupi au riwaya inayokwisha ndani ya miezi michache. Tukio, tarehe, mahali, wahusika, sura, basi. Ila kwa vizazi vitatu mkuu, angalia kitu kimoja: Excel inaanza kuhesabu siku tarehe 1 Januari 1900. Ukiandika 14 Agosti 1887 inaichukua kama maneno tu, kwa hiyo haitaipanga pamoja na tarehe nyingine wala haitakutolea umri wa bibi. Tena inaamini kulikuwa na 29 Februari 1900, ilhali mwaka ule haukuwa mrefu. Kosa hilo liliachwa kwa makusudi ili mafaili yaendane na yale ya Lotus 1-2-3, programu ya lahajedwali ya zamani.

dada_mhariri
Aeon na Plottr watu huziweka kapu moja, na si sawa. Plottr ni gridi ya kadi: sura zinakwenda upande mmoja, misuko upande mwingine, nawe unaona msomaji atakutana na nini kwanza. Aeon inaanzia kwenye tarehe. Inakokotoa umri wa wahusika, inakuruhusu kutunga kalenda ya ulimwengu wako wa kubuni, na inaoana na Scrivener, programu ya kuandikia vitabu. Kwa mahitaji uliyotaja, ni Aeon bila kusita. TimelineJS ya Knight Lab nayo ni nzuri, lakini ni ya kuonyesha matukio yaliyokwisha kupangwa, si ya kuyapanga.

Nasema hivi kwa kuwa nawapenda waandishi wamalize vitabu vyao. Anayejenga chombo kwanza, mara nyingi mswada wake unalala.

fundi_kodi
Dada yuko sahihi kwa anayetaka kumaliza riwaya moja. Lakini mwenzetu anajua kodi na ana haja mahususi, kwa hiyo nijibu upande huo.

Maktaba gani utumie ni swali la pili. La kwanza ni hili: tukio utalihifadhi vipi? Programu nyingi zinakudai tarehe. Mwandishi anapopanga hana tarehe. Anachojua ni "siku tatu baada ya mazishi", "kabla mtoto hajazaliwa", "wakati vita vinaendelea". Ukimlazimisha ataandika tarehe yoyote ili fomu ikubali, na kuanzia hapo programu haiwezi tena kutofautisha tarehe aliyoiamua na ile aliyoibandika tu.

Chukua mfano mdogo. Mazishi ya babu ni 10 Mei 1961. Zuhura anafika nyumbani siku tatu baadaye. Wosia unasomwa wiki moja baada ya Zuhura kufika. Zuhura mwenyewe alizaliwa Septemba 1931. Sasa unaamua mazishi yahamie 20 Oktoba 1961. Kama ulihifadhi tarehe tupu, unarekebisha tatu kwa mkono. Kama ulihifadhi uhusiano, unarekebisha moja: Zuhura anafika tarehe 23, wosia unasomwa tarehe 30. Kuzaliwa kwake hakusogei, maana hakutegemei mazishi. Lakini umri wake umebadilika! Mwezi Mei alikuwa na miaka 29, Oktoba amefikisha 30, na kama kuna mtu anamtajia umri kwenye mazungumzo, programu ikuonye hapo hapo.

Kwa hiyo mimi ningefanya uhusiano kuwa msingi, na tarehe iwe nyongeza ya hiari. Upande wa kompyuta hili lina njia iliyokwisha kukomaa. Unayaona matukio kama nukta na "kabla ya" kama mshale, kisha unayapanga kwa algoriti ya Kahn ya mwaka 1962: kila mara unachukua tukio ambalo halina tena lingine linalopaswa kulitangulia. Ikigoma kumaliza, ujue kuna mzunguko: A kabla ya B, B kabla ya C, C kabla ya A. Hilo ni kosa la msuko, na mwandishi anataka kuambiwa mapema.

Kama matukio yako yana urefu (safari, mimba, vita), msome James F. Allen, mtaalamu wa kompyuta. Mwaka 1983 alionyesha kwamba vipindi viwili vya wakati vinaweza kuhusiana kwa namna 13 tu. Usiziweke zote kwenye menyu. Kabla, baada, ndani ya, kupishana na kuanza pamoja zitakufikisha mbali.

karani_wa_sura
Na mbinu rejeshi je? Sura ya kwanza yangu inatokea mwaka wa mwisho wa hadithi.

fundi_kodi
Hiyo ni orodha nyingine kabisa, usiichanganye na ya kwanza. Tukio linakaa mahali pamoja kwenye wakati, lakini linaweza kusimuliwa sura ya 2, likarudiwa sura ya 19 kwa jicho la mtu mwingine. Weka jedwali la masimulizi peke yake: sura, nafasi, tukio, msimulizi. Ukiweka namba ya sura ndani ya tukio lenyewe, tukio linalosimuliwa mara mbili litakushinda.

mzee_wa_kalenda
Kama riwaya inagusa historia, kuweni waangalifu na kalenda. Nchi za kwanza kupokea kalenda ya Gregory, hii tunayotumia leo, ziliruka kutoka 4 Oktoba 1582 hadi 15 Oktoba. Uingereza ilingoja hadi 1752, Urusi hadi 1918. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba ya 1917, yaliyotokea tarehe 25 kwa kalenda yao, kwetu yanaangukia 7 Novemba. Wanaastronomia wanakwepa tatizo hili kwa kuhesabu siku mfululizo, hesabu iitwayo siku za Julian (si kalenda ya Julian). Hifadhini namba ya siku, kalenda iwe ni vazi la kuonyeshea.

msuka_visa
Nimekuelewa mzee, na fundi pia. Swali moja: vis-timeline inadai tarehe ya kuanzia ili ichore. Tukio lisilo na tarehe nitalichoraje?

fundi_kodi
Unakokotoa mipaka miwili: mapema kabisa linapoweza kutokea na mwisho kabisa. Kama ni baada ya harusi (Januari 1958) na kabla ya mazishi (Oktoba 1961), chora utepe uliofifia kati ya hapo. Kadiri unavyoongeza uhusiano, utepe unafupika wenyewe. Tarehe za makadirio ziandike kwa mtindo wa ISO 8601-2 wa 2019, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe: 1958~ ni "kama 1958", 195X ni mwaka wowote wa muongo ule.

Na usihifadhi chochote kwa tarehe ya JavaScript. Miezi inaanzia sifuri, mwaka 45 ukiuingiza kama namba inaufanya 1945, na "1950-03-10" inasomwa kwa saa za UTC (saa ya pamoja ya dunia), hivyo kompyuta iliyoko Marekani inaweza kuonyesha tarehe 9. Geuza kuwa tarehe pale unapochora tu.

msuka_visa
Basi faili moja ya SQLite: matukio, wahusika, uhusiano, masimulizi. Kivinjari kwa kuchora. Naanza na uhusiano na kukamata mizunguko, mchoro utafuata.

dada_mhariri
Nakuombea jambo moja tu: weka ukurasa wa kuchapa unaofuata mpangilio wa sura, na kati ya kila tukio na linalofuata uandike siku ngapi zimepita. Nimeshika miswada ambayo mama anabeba mimba miezi kumi na minne kwa sababu mwandishi alisogeza harusi na kusahau uzazi. Karatasi ya namna hiyo mhariri anaikamata kwa dakika chache.