Yah: TensorFlow imegoma kuingia kwenye laptopu yangu, naomba msaada

Kutoka: Mdogo wenu wa Göttingen
Jumapili, 9 Februari 2025, saa 4:15 usiku

Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za baridi.

Samahani kwa kuingilia mada ya tiketi za Pasaka. Nimekwama tangu jana asubuhi. Niko kwenye tasnifu ya uzamili, natakiwa kuifundisha kompyuta itambue magonjwa ya muhogo kwa kutazama picha za majani, na msimamizi wangu anataka kuona matokeo ya mwanzo Alhamisi. Laptopu yangu ilikufa Desemba, nikanunua ya mtumba kwa mwanafunzi mmoja Mjerumani. Mashine nzuri, ila Windows yake ni ya Kijerumani tupu, na kibodi vilevile.

Kazi hiyo inahitaji TensorFlow, programu ya kufundishia kompyuta, inayotumika kupitia lugha ya programu iitwayo Python. Nimeshusha Python mpya kabisa, 3.13, nikaisakinisha, nikafungua lile dirisha jeusi la amri nikaandika:

pip install tensorflow

Ikanijibu:

Der Befehl "pip" ist entweder falsch geschrieben oder konnte nicht gefunden werden.

Kijerumani changu ni cha sokoni na cha ofisi ya wageni. Nimetafsiri, eti amri ya pip, ile inayosakinisha vifurushi vya Python, nimeikosea au haionekani. Nikaondoa Python, nikairudisha, safari hii nikatia tiki pale chini penye neno PATH, ili Windows ijue Python iko wapi. Pip ikaitika, lakini na haya:

ERROR: Could not find a version that satisfies the requirement tensorflow (from versions: none)
ERROR: No matching distribution found for tensorflow

Nimerudia mara nne. Nikawasha hotispoti ya simu nikidhani intaneti ya hosteli inazuia. Jibu lile lile. Nisaidieni jamani.

---

Kutoka: Mzee wa Muscat
Jumatatu, 10 Februari, saa 2:05 asubuhi

Marahaba mwanangu. Mashine za mtumba zina mambo yake. Mimi yangu ilipoanza vituko, kijana wa dukani aliifomati akaweka Windows ya Kiingereza, ikatulia mpaka leo. Fomati. Ila hamishia picha na barua zako kwenye flashi kwanza, mimi nilipoteza picha za harusi ya binti yangu. Pia zima antivairasi.

---

Kutoka: Kaka wa Minneapolis
Jumatatu, 10 Februari, saa 10:30 jioni

Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, hapa kufomati ni kubomoa nyumba kwa sababu ya kitasa. Mdogo wangu, usifomati, na antivairasi iache iwake.

Tazama kwenye mabano: from versions: none, na juu yake hakuna onyo la kushindwa kuunganishwa. Maana yake pip imefika salama kwenye ghala la vifurushi vya Python, imepekua mzigo wote, haikuona hata mmoja unaoifaa mashine yako. Kwa hiyo intaneti haina kosa. Intaneti ikikatika pip hulalamika kwamba imeshindwa kuunganishwa, na hujaribu tena na tena kabla ya kukata tamaa.

Kwa nini haikuona? TensorFlow si maandishi ya Python peke yake. Ndani yake kuna C++ nyingi, lugha nyingine ya programu, iliyopikwa tayari, yaani iliyogeuzwa kuwa lugha ya mashine, na inapikwa mbalimbali kwa kila toleo la Python na kila mfumo wa kompyuta. Ukitazama majina ya mafaili yake utaona cp311 au cp312, halafu win_amd64. Hiyo cp312 ni Python 3.12, na win_amd64 ni Windows ya biti 64. TensorFlow iliyopo Februari hii ya 2025, 2.18, ina mafaili ya Python 3.9 mpaka 3.12. Python 3.13 imetoka Oktoba 2024, na mpaka Februari hii ya 2025 haijapikiwa. Umeingia duka la viatu na mguu namba 45, na vyao vinaishia 44. Hata uingie mara nne.

Kuna sababu nyingine inayotoa maneno hayo hayo, nayo ni Python ya biti 32. Hiyo ilinikeshesha mimi usiku mzima zamani, kwa hiyo ihakikishe kabla hujaendelea. Andika:

py -0

Hiyo ni sifuri. Itakuorodheshea Python zote ulizonazo. Ukiona 32 imefuata namba ya toleo, hiyo haifai.

Basi shusha 3.11 au 3.12 ya biti 64. Ile 3.13 iache ilipo, hazigombani. Kisha, mstari mmoja mmoja:

py -3.11 -m venv muhogo
muhogo\Scripts\activate
python -m pip install tensorflow

Mstari wa kwanza unajenga folda iitwayo muhogo yenye Python yake. Utakachosakinisha humo kinabaki humo. Ukiharibu, unafuta folda unaanza upya, bila kugusa kitu kingine. Na sikuandika pip peke yake kwa makusudi. Ukiwa na Python mbili, pip inaweza kuwa ya ile ambayo hukuikusudia, ukasakinisha huku, programu ikatafuta kule. Ukisema python -m pip, pip itakuwa ya Python hiyo hiyo unayoiita.

---

Kutoka: Mdogo wenu wa Göttingen
Jumatatu, 10 Februari, saa 3:50 usiku

Kaka asante sana, angalau sasa najua ninachopigana nacho. Ila nimekwama pawili.

Kitini cha kozi kinasema 3.11, nikaenda kuchukua ya mwisho ya 3.11, yaani 3.11.11. Nimepata faili la .tgz, nikilibonyeza linafunguka mafolda tu. Hakuna cha kusakinisha.

La pili naona hata aibu. Ule mstari wa kulala kati ya muhogo na Scripts, kwenye kibodi hii siuoni.

---

Kutoka: Dada wa Aarhus
Jumatatu, 10 Februari, saa 5:20 usiku

Usione aibu, mimi hapa nilinakili alama hiyo kutoka kwenye intaneti wiki nzima. Kwenye kibodi ya Kijerumani shika AltGr kisha bonyeza ß, ile iliyo kulia kwa sifuri.

Kuhusu 3.11.11: toleo la Python likizeeka, wenyewe huendelea kuliziba matundu ya usalama lakini huacha kulitengenezea kisakinishi cha Windows. Wanatoa chanzo tu, ndiyo hiyo .tgz. Kwa 3.11, ya mwisho yenye kisakinishi ni 3.11.9. Shuka chini kwenye orodha utaiona, chagua ya biti 64.

Mawili nikuongezee kabla hujakutana nayo. Kama dirisha ulilofungua ni PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, mstari wa activate unaweza kukataliwa kwa Kijerumani kirefu, kwamba skripti zimezuiwa kwenye mfumo huu. Usihangaike kubadili mipangilio ya usalama. Tumia lile dirisha jeusi la kawaida, cmd, au ruka activate kabisa, uandike:

muhogo\Scripts\python -m pip install tensorflow

La pili, faili lako la kazi usiliite tensorflow.py. Python itakapoambiwa ilete tensorflow italeta hilo lako. Kijana mmoja hapa alisakinisha upya siku mbili kwa ajili ya jina la faili.

Na hiyo Windows ya Kijerumani inaweza hata kukusaidia. Pip husema Kiingereza, Windows yako husema Kijerumani. Ukijibiwa Kijerumani, ujue Windows imekuzuia mlangoni, Python hujaifikia. Ukijibiwa Kiingereza, umeshaingia ndani, soma inachosema.

---

Kutoka: Mdogo wenu wa Göttingen
Jumanne, 11 Februari, saa 1:40 jioni

IMEKUBALI. 3.11.9, folda ya muhogo, yote kama mlivyoelekeza. Mzigo wenyewe unapita megabaiti 300, bahati nilikuwa nimesharudi kwenye intaneti ya hosteli. Nimeiuliza toleo, imesema 2.18.0.

Ila kila nikiita tensorflow inatapika mistari kuhusu oneDNN, eti matokeo yanaweza kutofautiana kidogo. Nimeharibu kitu? Halafu laptopu hii ina kadi ya Nvidia, mbona TensorFlow inasema haioni GPU, yaani prosesa ya kadi ya picha, hata moja?

---

Kutoka: Kaka wa Minneapolis
Jumanne, 11 Februari, saa 4:10 usiku

Hongera! Hiyo ya oneDNN ni taarifa tu. Inakwambia inatumia njia ya haraka ya kukokotoa kwenye prosesa yako, na tarakimu za mwisho mwisho baada ya nukta zinaweza kupishana. Endelea na kazi.

GPU isahau kwa wiki hii. TensorFlow 2.10 ndiyo ya mwisho kutumia GPU moja kwa moja ndani ya Windows. Kuanzia 2.11 ni lazima upitie WSL2, yaani Linux inayokaa ndani ya Windows, na hiyo ina safari yake. Picha zako ni ngapi?

---

Kutoka: Mdogo wenu wa Göttingen
Jumanne, 11 Februari, saa 4:25 usiku

9,430, zile zilizokusanywa Uganda. Za kufundishia ni 5,656. Kuna batobato, michirizi ya kahawia na wengine, pamoja na majani yasiyo na ugonjwa.

---

Kutoka: Kaka wa Minneapolis
Jumanne, 11 Februari, saa 4:40 usiku

Kwa prosesa zinawezekana. Chukua modeli ndogo iliyokwisha fundishwa, ufundishe tabaka la mwisho tu, punguza picha ziwe ndogo, uiache usiku. Ichomeke kwenye umeme na uizuie isilale. Windows ikilala saa sita, asubuhi utakuta imeishia pale pale.

---

Kutoka: Mzee wa Muscat
Jumatano, 12 Februari, saa 2:30 asubuhi

Hongera mwanangu, kumbe hukuhitaji kufomati. Na mimi nimejaribu kwenye yangu, mjukuu anaanza masomo ya kompyuta. Nimeandika python kwenye hilo dirisha jeusi, limefunguka duka la Microsoft. Nilipie?

---

Kutoka: Dada wa Aarhus
Jumatano, 12 Februari, saa 3:00 asubuhi

Shikamoo mzee. Usilipe, ni bure, na wala usiibonyeze hapo. Windows huja na njia ya mkato ya jina hilo inayokupeleka dukani kama Python haimo. Shusha kwenye tovuti yao wenyewe, python.org, na kwenye dirisha la kwanza la kusakinisha tia tiki pale chini penye PATH kabla ya kuendelea. Ila muulize mjukuu kwanza shule yao inatumia toleo gani.