Mti wa maua ya njano nje ya fensi, ni mti gani huu?

binti_tanga: Habari zenu wakuu. Nimehamia nyumba ya kupanga huku Tanga, nje ya fensi kuna mti umenizidi urefu kidogo, unatoa maua ya njano kama kengele, mazuri kweli. Nimepiga picha ua nikaweka kwenye app, mara inasema hiki mara kile, jirani naye anasema "ni maua tu hayo". Naulizia kwa sababu watoto wanaokota matunda yake ya kijani wanachezea, na wangu wa miaka 3 kila kitu mdomoni.

mkulima_maua: Dada ua peke yake halitoshi, njano za kengele huku mitaani ziko kama tatu na ukiangalia ua tu utachanganya. Shika jani. Kama vijani viko vingi kwenye kikonyo kimoja na pembeni vina meno kama mwarobaini, na matunda yananing'inia membamba kama kunde, hiyo ni tekoma. Kama majani yamezunguka tawi matatu au manne sehemu moja na mti unatambaa, alamanda. Ila kama jani ni moja moja, jembamba, refu kama kidole lakini upana haufiki hata kidole chako cha mwisho, linang'aa, hapo chuma moja uone kama linatoa maziwa, halafu rudi utuambie. Usijiguse macho.

binti_tanga: Nimetoka kuangalia sasa hivi, jani ni jembamba na maziwa yametoka meupe kabisa. Tunda ni la kijani, limekaa kama sambusa iliyovimba, mengine chini yamekuwa meusi.

mkulima_maua: Basi ni thevetia, asili yake Amerika ya kitropiki, imeletwa kwa ajili ya urembo. Mti wote una sumu ila mbegu ndio mbaya zaidi, inaenda kwenye moyo, mapigo yanavurugika. Mtoto akitafuna usisubiri aanze kutapika, kimbia naye hospitali na ubebe tunda au jani, daktari akijua mapema amekula nini inasaidia sana.

baba_k: Kwetu ulikuwepo getini miaka na miaka tukiuita ua la njano, hakuna aliyejua 😔 Wenye nyumba walipokubali tuliukata. Vaa glovu, na matawi usiyachome moto, moshi wake si mzuri, chimbia mbali na mbuzi.

binti_tanga: Asanteni sana kaka zangu, mikono inatetemeka. Nimeshaita mama wa watoto wa jirani tumeokota matunda yote ya chini, ndoo ndogo imejaa, kesho nampigia mwenye nyumba.