Mama alitolewa tezi ya shingo, sasa amevunjika mkono. Vinahusiana?

BintiWete
Assalamu alaykum. Naomba mawazo, hasa ya wanaojua mambo ya hospitali. Mama yangu ana miaka 61, yuko Wete. Zamani alikuwa na rovu lenye homoni nyingi: moyo ukimwenda mbio hata akilala, akila sana na huku anakonda, mikono ikitetemeka mpaka chai inamwagika. Alimeza kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni ya tezi, muda mrefu, halafu akapasuliwa Dar, tezi ikatolewa yote. Saratani haikuwemo. Tangu hapo anakunywa levothairoksini, kidonge cha kuziba pengo la homoni ya tezi, maikrogramu 125 kila asubuhi, na kwa kuwa alikuwa mzima hajapimwa tena damu miaka mingi.

Mwezi uliopita alikuwa akikunja jamvi la karafuu uani, akateleza, akajikinga kwa mkono. Kuanguka kwa kawaida tu, lakini picha ikaonesha kigasha kimevunjika karibu na kifundo. Wamemfunga plasta, wakasema ni utu uzima. Mie sijaridhika. Dozi ile alipangiwa akiwa na zaidi ya kilo 70, sasa ana 52. Jee, maradhi ya shingoni yanaweza kufika mkononi?

Msafiri_Unguja
Pole dada, na mama Mungu amponyeshe. Umri huo mifupa imeshachoka. Mpeni maziwa na supu ya makongoro, atapona.

NesiMstaafu_Chake
Waalaykum salaam mwanangu. Nimefanya kazi wodini na kliniki mpaka nikastaafu, na nakwambia: usiridhike.

Vinahusiana. Mfupa uko hai. Zimo seli zinazobomoa mfupa wa zamani na nyengine zinazojenga mpya, na mzunguko mmoja wa kazi hiyo kwa kawaida huchukua kama siku 200. Homoni ya tezi ikizidi, mzunguko unakwenda mbio, muda wake unaweza kupungua hata nusu, na wabomoaji wanawashinda wajenzi. Kila mzunguko unaacha pengo lisilozibwa. Kwa mwanamke aliyekwisha kukatika hedhi ni mzigo juu ya mzigo, maana estrojeni, homoni ya kike iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji nayo imeondoka.

Miaka ile ya rovu imeshachukua fungu lake. Ugonjwa ukitibiwa mfupa hurudi kiasi, ila si lazima urudi wote. Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni hicho kidonge cha leo. Mtu asiye na tezi kabisa, dozi yake hukisiwa kwa maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Piga hesabu: kilo 52 zinakuja kama 83. Yeye anameza 125! Huenda hata huko kukonda kunatokana na dawa kumzidi. Na mfupa haujali homoni imetoka shingoni au kwenye chupa ya dawa, ikizidi unaliwa vilevile.

Hayo ni makisio, mwamuzi ni damu. Aombewe kipimo cha TSH, homoni ya kichwani inayoiamrisha tezi ifanye kazi; homoni ya tezi ikizidi, yenyewe hushuka. Maabara nyingi huhesabu kawaida kuwa kama 0.4 mpaka 4. Ikiwa chini kabisa, homoni imezidi, na daktari atapunguza dozi, kisha apimwe tena baada ya wiki 6 mpaka 8. Waliotolewa tezi kwa saratani, baadhi yao daktari huishusha TSH makusudi. Mama yako hayumo humo.

Tafadhali, msimpunguzie wala kumwachisha kidonge wenyewe. Hana tezi ya kumsaidia. Akikosa dawa atavimba uso, atasikia baridi, atalala mchana kutwa, na moyo utapata tabu.

Mtu mzima akivunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, hiyo peke yake ni sababu ya kuchunguza mifupa. Kipimo chake ni DEXA, eksirei ya kupima uzito wa mfupa, kinaangalia nyonga na uti wa mgongo. Jibu la -2.5 au chini yake ndiyo osteoporosisi, yaani mifupa imekuwa myepesi na rahisi kuvunjika. Hakipatikani kila hospitali, kwa hivyo ulizieni kwa simu kabla ya kumpandisha boti.

Ndugu Msafiri, makongoro anywe kwa utamu wake, lakini kalsiamu yake ni kidogo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mtindi, maziwa, hivyo ndivyo. Umri wake anahitaji kama miligramu 1,200 kwa siku, na kikombe cha maziwa kina kama 300. Na vitamini D: jua tunalo, ila wanawake wengi ngozi zetu hazilioni. Akae uani mikono na miguu ikiwa wazi.

Jengine, jee ganzi au kuchomachoma midomoni na vidoleni anakusikia? Nyuma ya tezi kuna vitezi vinne vinavyolinda kalsiamu ya damu, na upasuaji huweza kuvigusa. Kama anasikia, mwambieni daktari siku hiyo hiyo.

UmmSabra
Nami natumia levothairoksini, nimeongezewa vidonge vya kalsiamu. Nameza vyote pamoja alfajiri. Na Ramadhani nifanyeje?

NesiMstaafu_Chake
Bibie, vitenganishe kwa saa 4, kalsiamu inaizuia levothairoksini isiingie mwilini. Ya tezi na maji matupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kula. Kalsiamu mchana na chakula. Ramadhani, kalsiamu wakati wa futari, ya tezi amka mapema uimeze kabla ya daku.

BintiWete
Mama nesi, Mungu akulipe kheri. Ganzi hana, nimemuuliza sasa hivi. Jumatatu nampeleka kutolewa damu. Ameze kidonge kwanza au asimeze?

NesiMstaafu_Chake
TSH haibadiliki kwa kidonge cha asubuhi moja. Lakini wakipima na T4, yaani homoni yenyewe ya tezi, hiyo hupanda saa chache baada ya kumeza. Atolewe damu kwanza, kidonge akichukue mkononi ameze akitoka maabara. Na usisahau kumwandikia daktari kilo zake za sasa na dozi anayotumia.